Kichocho Hakimo Kwenye Simu

Sijawahi kuelewa kwa nini msomi huamini upesi kile kinachomtisha zaidi. Juzi, kwenye duka la dawa Igogo, mwanachuo mmoja alimnyooshea muuzaji simu.

"Dada, naomba dawa hizi tatu. Nakojoa damu. Mtandao unasema figo zangu zina saratani."

Muuzaji hakuitazama simu. "Unaogelea ziwani?"

"Kila Jumamosi. Lakini humu sikuulizwa hilo."

Mama muuza dagaa aliyekuwa nyuma yangu akaguna. "Mwanangu, hicho si kichocho? Kwetu Magu hata mtoto wa darasa la pili anakijua."

"Subiri kidogo mama, nihakikishe," akasema, vidole tayari kwenye simu.

Chuoni anafundishwa kumtilia shaka kila mhadhiri. Simu haimo kwenye mtaala. Nisimcheke sana. Hata mimi nimeshajizika mara mbili kwa kusoma mambo hayohayo.

"Siuzi kitu mpaka upimwe mkojo," muuzaji akakata shauri.

"Basi ngoja nitafute zahanati yenye nyota nyingi."

Mama akamwachia muuzaji ndoo yake ya dagaa, akamshika kijana mkono, akampeleka kupima.