Nani Alianza Kuvuta Katonga?

Saa kumi na mbili asubuhi, vipe, mitumbwi ya kuvulia dagaa, vinaingia Katonga, kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Tanganyika, karabai bado zikining'inia. Ntakarutimana, kijana wa miaka kumi na saba, anaingia ziwani hadi kiunoni, anajitwisha ndoo ya dagaa na kuipandisha kwenye mchanga wa kuanikia. Katika ndoo ya tatu anasimama, anakohoa, kisha anajifanya anatazama ziwa.

"Kifua tu," anasema, kana kwamba kwa mbeba mizigo kifua ni jambo dogo.

Kifua hicho kinalisha watu watano. Mama yake, Gloriose, alivuka na wanawe kutoka Burundi mwaka 1996, mumewe akiwa ameuawa. Leo, miaka miwili baadaye, wamejibanza kwa ndugu huko Katubuka, mjini Kigoma.

Asubuhi yake ya kwanza kazini, vijana wenyeji walikaa duara kabla ya kuingia majini, wakapitisha sigara moja mkono kwa mkono. Ntakarutimana hakuwahi kuvuta. Lakini mgeni atakataaje kitu ambacho kila mtu anakipokea? Alivuta, akapaliwa, machozi yakamtoka.

"Nilijua ndivyo wanavyofanya watu wa hapa," anasema.

Kesho yake akanunua yeye, kwa adabu. Siku iliyofuata pia. Adabu hiyo ikaendelea mpaka mwezi uliopita, malaria ilipomlaza wiki nzima. Aliporudi akauliza sigara iko wapi. Vijana wakatazamana.

"Hatujavuta tangu uugue," Selestini, Muha wa hapo hapo Katonga anayemzidi mwaka mmoja, akamwambia. "Tulisikia Warundi wote wanavuta. Siku ile ya kwanza nikanunua ili usijione mgeni. Hata mimi ilikuwa mara yangu ya kwanza."

Ntakarutimana alicheka pamoja nao, halafu kicheko kikakatika. Wenzake wameacha bila hata kujua kwamba wameacha. Yeye, ikifika saa nne hajavuta, kila mtu anamuudhi.

"Sasa mimi niliiga nani?" anauliza. "Wao walinifuata mimi, mimi niliwafuata wao. Nani alianza?"

Mama yake anaona aibu, ana hasira, na hajui amkasirikie nani, maana Selestini alimtendea mwanawe wema.

Hata asubuhi hii Selestini, akimwona anavyohangaika, anachomoa nyuma ya sikio sigara aliyomwekea na kumpa. Bado anadhani anamsaidia. Ntakarutimana anaishika, anaigeuzageuza, anatazama kipe kinachofuata kikiingia. Kisha anairudisha.

Anataka kufika Jumapili bila kuvuta, halafu aone. Mpango wake ni huo tu, na hata huo hauwezi peke yake.

"Selestini, sha," anasema, kwa neno la Kirundi la kumwita rafiki, akijitwisha ndoo, "nitakuomba tena kabla jua halijawa kali. Nikikuomba, uninyime."