Kitambaa cha Bluu Juu ya Kisima

Wewe unayesoma, umewahi kufua kitambaa kilichomuua ndugu yako, ukakipiga pasi, ukakikunja, ukakirudisha kwa wenyewe na kusema asante?

Mimi nimewahi. Tena si mara moja.

Nivumilie nikienda polepole. Shule yangu iliishia ya msingi, na jambo nikilieleza nalieleza mpaka kwenye upindo.

Mimi ni dobi. Nimefulia watu mpaka alama za vidole zimefutika. Mteja wangu wa miaka mingi ni klabu moja ya kujitolea hapa mtaani. Watu wenye nafasi zao: daktari wa meno, mwalimu mkuu, mwenye duka la saruji. Huyo wa saruji ndiye mwenyekiti, tangu siku ya kwanza hadi leo ambapo anatembelea mkongojo.

Fulana zao zimeandikwa mgongoni: Kutoa ni moyo.

Mradi wao wa kwanza ulikuwa kisima, hatua chache tu kutoka mlangoni kwangu.

Sasa klabu ilikuwa na desturi yake. Mradi ukiisha hautazamwi mpaka mgeni rasmi aje aufunue. Unavikwa kitambaa cha bluu, kinakazwa kwa kamba kisicheze na upepo.

Kisima nacho wakakivika. Mdomo wazi, juu kitambaa.

Nikamfuata mwenyekiti. "Baba, mfuniko uko wapi?"

"Fundi wa vyuma kachelewa. Kwani wewe una kiu gani?"

"Si kiu, baba. Shimo ni refu. Hata ubao tu juu yake..."

"Ubao!" Akawageukia wenzake. "Mnamsikia mama dobi? Mgeni rasmi aje amfunulie nani ubao?" Wakaangua kicheko. "Mama, mpewa hachagui. Shukuru kwanza, mengine baadaye."

Nikarudi kwenye beseni langu.

Nilikuwa na mdogo wangu, tumbo moja, nimemlea tangu mama yetu afariki. Tulimwita Kicheko. Huyo hata msibani alicheka, anaziba mdomo kwa kiganja, mabega yanamtikisika.

Asubuhi ya pili alitoka na beseni la mashuka ya wateja kichwani. Kijiwe kikamwingia kwenye kandambili.

Ukuta wa kisima ulifika magotini. Kitambaa kilikuwa kimenyooka, hakina hata kunyanzi, kama kitanda kilichotandikwa na bibi harusi.

Akatua beseni. Akaketi.

Nilikuwa mlangoni, namwona. Akaniangalia, akainua mguu, akaitikisa kandambili huku anacheka.

Kisha nikaona beseni tu.

Fundi wa kisima alishushwa kwa kamba. Alimpandisha mdogo wangu akiwa amezongwa na bluu ile kuanzia kifuani mpaka usoni.

Sherehe haikufutwa. Ilisogezwa wiki moja.

Tukiwa bado matangani, mwenyekiti akaja na mfuko. Nikadhani ni rambirambi. Nikaupokea kwa mikono miwili.

Kilikuwa kitambaa. Kibichi, kina tope.

"Pole sana, mama dobi. Najua ni wakati mgumu. Ila hatuna kingine, na mgeni keshathibitisha."

Nikafua. Ningefanya nini? Nilipofika kwenye upindo nikakuta ukanda wa kandambili umenasa kwenye uzi. Nikauchomoa, nikauweka kifuani. Nikapiga pasi.

Siku ya ufunguzi mfuniko ulikuwepo, chuma kinang'aa. Nikajisemea, loo, fundi wa vyuma kafika mwishowe. Maskini mimi.

Tangu hapo kitambaa kilikuwa kinakuja kwangu kila baada ya mradi. Ukitaka historia ya klabu ile, uliza madoa. Chokaa: zahanati. Rangi ya kijani: madawati ya shule. Udongo mwekundu: daraja la mferejini. Doa moja la soda lilinisumbua sana. Hilo la vyoo vya soko, mgeni rasmi alijimwagia.

Kila nikikirudisha, mwenyekiti huuliza, "Mama dobi, una shida yoyote tukusaidie?"

"Nashukuru, baba."

Basi mwaka huu klabu imetimiza miaka hamsini. Ukumbini viti vimevikwa nguo, keki ina ghorofa. Mimi nimekalishwa mbele kabisa, eti mfano wa uaminifu.

Jukwaani kuna kitu cha duara kimefunikwa kwa kitambaa cha bluu. Nilikipiga pasi mwenyewe jana yake.

Mwenyekiti akakivuta. Mfuniko! Kisima kilishakauka, wakaung'oa, wakausugua uwe kumbukumbu.

Akasoma miradi yote. Kisima akakisoma kwa sentensi moja. Kicheko hakumtaja.

Halafu akacheka. "Niwape siri. Mfuniko huu ulikuwa tayari mapema kabisa! Niliuficha chini ya kitanda cha wageni. Una jina la mgeni rasmi, watu wakiliona kabla, sherehe ina utamu gani? Mtaa mzima nikaudanganya, fundi wa vyuma kachelewa!"

Ukumbi ukavunjika mbavu. Daktari wa meno alifuta machozi.

Ulikuwa tayari. Mdogo wangu anaketi pale, mfuniko umelala chini ya kitanda cha watu.

Wajukuu zangu mnaosoma, somo langu ni fupi: mtu akikutendea wema huku uso ameuelekeza kwenye kamera, angalia pa kuketi.

Mwenyekiti akanisogezea kipaza sauti, mkono begani kwangu. "Huyu bibi hajawahi kutuomba kitu hata siku moja! Leo mbele ya watu aseme. Mama dobi, unataka nini?"

Watu wakapiga makofi. Nikangoja mpaka yakaisha yote.

"Nataka huo mfuniko. Mkwangue jina la mgeni wenu, muandike Kicheko, mdogo wangu aliyekufa kisimani mwenu. Uubebe wewe mwenyewe, mwenyekiti, na mkongojo wako, mpaka kaburini kwake. Na hicho kitambaa, leo kakifue wewe."