Fedha Iliyokuwa Ikila Majani

Handsuren alitoka dirishani na ile karatasi mkononi. Akapiga hatua tatu, akasimama, akageuka kurudi. Askari wa mlangoni akamwahi.

"Mama, zamu yako imekwisha."

"Zamu imekwisha, baba. Maneno yangu bado."

Waliomfahamu wasingeamini. Wilayani kwao, magharibi mwa Mongolia, Handsuren alikuwa mwanamke wa kunyamaza. Mjane wa miaka hamsini na minane, kila asubuhi kabla hajanywa alitoka nje ya hema na kijiko cha mti, akairushia mbingu chai ya kwanza ya maziwa huku midomo ikinong'ona sala. Hata mbuzi mkorofi alimkanya kwa kumbembeleza. Lakini siku ile ya Oktoba, mbele ya kioo cha ubalozi mjini Ulan Bator, hasira ilimpanda mpaka masikio yakawaka moto.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Zolzaya, aliyeolewa ng'ambo. Mimba mbili zilikwisha kumharibikia binti huyo. Ya tatu imefika mwezi wa nane, daktari amemwamuru alale, asinyanyue hata ndoo, na mumewe anashinda kiwandani. Alipiga simu akilia: "Mama, njoo. Naogopa kuzaa peke yangu." Handsuren hakutaka zaidi ya miezi mitatu. Ampikie mchuzi wa mifupa ya kondoo, amkande mgongo, mtoto akitoka apokewe na mkono wa kwao.

Akampigia Gantumur, kijana anayejazia watu fomu za viza katika chumba kimoja juu ya duka la viatu mjini.

"Mama, mali yako nini?"

"Kondoo na mbuzi mia mbili na kumi. Farasi kumi na mmoja."

Gantumur akacheka. "Wale hawahesabu mikia, mama. Wanataka kuona fedha benki. Kama haipo benki, kwao haipo duniani."

Basi akauza. Mdogo wake, Luvsan, alimzunguka siku nzima kama nzi. "Dada, umerukwa na akili? Mfugaji asiye na mifugo ni nani huyo?"

"Ni bibi," akajibu. "Nakwenda kuwa bibi. Nishikie huyu kondoo."

Lori la mnunuzi lilipofika, yule farasi jike wa kijivu, aliyemtoa tumboni mwa mama yake kwa mikono yake mwenyewe siku ya theluji, aligoma kupanda. Ilibidi Handsuren ashike kamba, atangulie, na farasi akamfuata kwa kumwamini. Hilo ndilo lililokuwa likimchoma zaidi pale kwenye kioo.

Nyuma ya kioo alikaa msichana wa Kimongolia, mwenye lafudhi ya magharibi kabisa, ya kwao. Mwanzoni Handsuren alifurahi. Akasema moyoni, Mungu amenipa wangu.

"Mama, fedha hii imeingia benki kwa siku moja," msichana alisema. "Kabla ya hapo ilikuwa wapi?"

"Ilikuwa inakula majani."

Msichana hakucheka. "Mifugo unayo sasa?"

"Nimeiuza. Si mlitaka fedha?"

"Kwa hiyo huna mifugo, huna nyumba ya kudumu, huna ajira, na mtoto wako wa pekee yuko kule." Alikuwa akitia alama katika karatasi. "Mama, hakuna kinachoonyesha kwamba utarudi."

Handsuren akazitazama zile alama. Wiki tatu nyuma alikuwa na kila kitu cha kumrudisha. Kilikuwa kimesimama kwa miguu yake bondeni, kikilia kila jioni kikitaka kufungiwa zizini. Amekiuza ili awaridhishe, na sasa wanamwambia hana kitu.

Ndipo alipopewa karatasi ya kukataliwa. Ndipo alipopiga zile hatua tatu na kurudi.

"Binti," alisema, na sauti yake ilisikika hadi mlangoni, "baba yako hakufuga? Wewe hukunywa maziwa ya farasi ukakua? Hao wakubwa wako wageni, wasijue. Lakini wewe unajua! Mwanamke wa kwetu anaacha kaburi la mumewe akarandarande ugenini? Ungewaambia!"

Msichana aliinamisha uso. "Mimi siulizwi, mama," alisema polepole. "Mimi napokea karatasi tu."

"Basi nyote mnapokea karatasi tu. Na mwanangu nani atampokea?"

Luvsan, aliyekuwa akimsubiri kwenye baridi, alimshika mkono. Kwa Gantumur walikwenda kwa miguu.

"Mama, mimi najaza fomu tu," Gantumur alijitetea.

"Umejaza fomu, ukanikaushia zizi. Mungu akusamehe, maana mimi leo siwezi."

Zolzaya alijifungua siku ishirini na tatu baadaye, simu ikiwa imeegemezwa kwenye mto. Handsuren, amekaa hemani kwa Luvsan, alimsikia mwanawe akimwita mama, mama, na mikono yake ikabaki hewani haina cha kushika. Mtoto wa kike, mzima. Alitoka nje akarusha maziwa upande wa ile nchi, akaomba kwa ajili ya mtoto. Kwa ajili ya nchi yenyewe hakuomba.

Lama wa wilaya, mtawa wa Kibudha, akaja kumtuliza. "Dada, hasira iache iende."

"Itakwenda, mheshimiwa, nitakapombeba huyo mtoto."

Kesho yake alikwenda na Luvsan kwa mnunuzi, akamkomboa yule wa kijivu kwa bei ya kuumiza, pamoja na kondoo arobaini. Desemba wahesabu mifugo wa serikali walipopita, aliwasimamia zizini na joho lake zuri, mkanda umekazwa.

"Andika wote," alimwambia mwandishi. "Na huyu farasi andika rangi yake. Kisha nigongee muhuri."

"Muhuri wa nini, mama? Unataka mkopo?"

"Nataka kwenda kumwona mjukuu wangu," alisema. "Gonga kwa nguvu, usomeke hadi ubalozini."