Sekunde Kumi na Tano za Dada

Tangu aondoke, chumba kile kimekuwa kimya, ingawa televisheni nne bado zinaongea humo kutwa nzima. Kinachokosekana ni kitu kidogo mno: mlio wa ulimi. Kila tangazo lilipoanza, yeye aligonga ulimi kwenye kaakaa, tk, na lilipoisha akagonga tena, tk, bila kujijua, kama wengine wanavyokoroma. Kwa miaka kumi na moja wenzake walilalamika kwamba mlio ule utawatia wazimu. Sasa wanautegea masikio. Kiti chake kiko palepale, na mto mdogo wa mgongoni alioshonewa na dada yake. Hakuna anayekikalia. Hata fundi wa nyaya alipokuja na kutaka kuweka kisanduku chake hapo, aliambiwa, "Weka chini tu, bwana."

Walimwita Sekunde.

Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la magodoro, na kazi yao ilikuwa kutazama matangazo. Watu wengine wakiona matangazo yameingia huinuka kwenda jikoni. Wao ndipo walipokaa sawa. Aliyelipia tangazo alitaka mtu asiye wa kituo amhakikishie kwamba limetoka, kwa saa aliyoinunua na kwa urefu alioununua. Sekunde alikuwa na karatasi ya mistari, penseli, na saa ya kuhesabia kama ile ya walimu wa michezo. Tangazo likikosekana, aliandika "halikurushwa", na kituo kililazimika kulirusha bure kesho yake. Neno lake lilitosha. Katika miaka kumi na moja hakuna kituo kilichowahi kumkuta na kosa, na kama alikuwa na kitu cha kujivunia duniani, kilikuwa hicho.

Mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi. Sabuni na rangi za nyumba zilisukumwa pembeni, wagombea wakajaa kwenye vioo vyote vinne. Nusu dakika kabla ya taarifa ya habari ya jioni iliuzwa kwa mshahara wake wa miezi saba.

"Hebu fikiria," alisema mwenzake wa meza ya pili, ambaye kila mtu alimwita Jirani. "Wewe ungepewa hiyo nusu dakika useme chochote, nchi nzima inakusikiliza. Ungesema nini?"

"Ningesema nipeni hela zenyewe."

"Na sekunde zinazobaki?"

"Ningekaa kimya tu, watu wapumzike."

Jirani alicheka hadi kalamu ikamdondoka. Sekunde hakucheka, kwa sababu kwenye kioo cha tatu tangazo jipya lilikuwa limeanza, na alikuwa ameshagonga ulimi.

Lilikuwa la mgombea waliyempachika jina la Miwani. Alitembea kwenye barabara yenye vumbi, akainama kwa mtoto, akasema, "Kesho yetu iko mikononi mwa watu wa kazi." Hapo, sekunde ya kumi na moja, ikaja safu ya mafundi cherehani wamejiinamia, na fundi wa mwisho, mwanamke wa gauni la bluu, akainua kichwa, akatazama moja kwa moja, akafungua mdomo na kusema kitu. Sauti yake haikusikika, maana Miwani alikuwa bado anahubiri. Kisha ikaja bendera, kisha jina la chama, kisha tk.

Mwanamke yule alikuwa dada yake, ambaye walikuwa wamemzika miaka miwili nyuma.

Penseli ilisimama. Alikumbuka dada akisimulia siku moja, akicheka, jinsi watu wa kamera walivyopita kwenye kibaraza cha mafundi, wakamgawia kila mmoja soda na kusema, "Endeleeni kama vile hatupo." Hawakusema ni za nini. Bila shaka picha zile zililala kwenye kabati la mtu, zikauzwa, na sasa kampeni ilikuwa imezinunua pamoja na uso wa dada ndani yake.

Aliazimia asimwambie mama. Alipofika nyumbani alimkuta mama amekaa mbele ya televisheni ambayo haikuwa imewashwa tangu msiba, ameifuta vumbi kwa pindo la gauni.

"Mama wa nyumba ya pili kaniita dirishani kwake," mama alisema bila kugeuka. "Dada yako anaonyeshwa. Anapita saa ngapi tena?"

Sekunde alizijua saa zote. Angefanya nini? Aliziandika kwenye karatasi, mama akaibandika ukutani juu ya cherehani ya marehemu, iliyokuwa imefunikwa shuka miaka miwili yote. Mara kumi na mbili kwa siku. Ndani ya wiki moja mama alikuwa anakula. Alichana nywele. Alioga kabla ya taarifa ya habari, akajipaka mafuta, akakaa mikono mapajani kama anayesubiri mgeni. Shuka lilitolewa kwenye cherehani. Usipompatia dada nafasi, mama alisema, atakaa wapi?

"Anasema nini pale, mama? Ule mdomo?"

"Wewe si ndiye mtaalamu wa matangazo? Mimi nasikiliza tu."

"Lakini sauti haitoki."

"Kwako," mama akasema, akamimina chai.

Hela za Miwani zilianza kukauka mwezi mmoja kabla ya kura. Sekunde aliona kabla ya magazeti: mara kumi na mbili zikawa nane, nane zikawa nne, halafu siku moja tangazo likatoka mara moja tu, alfajiri, mama akiwa bado amelala. Jioni ile mama alikaa mbele ya kioo mpaka habari zikaisha, michezo ikaisha, hali ya hewa ikaisha.

"Leo hajaja," alisema. Sahani ilirudi jikoni kama ilivyotoka.

Siku ya pili ikawa vilevile. Siku ya tatu mama alinyoosha mkono kulichukua shuka la cherehani, akalikunjua, akabaki amelishika.

Kesho yake ofisini, tangazo lilitoka saa nne asubuhi, zima, sekunde thelathini. Sekunde alimwona dada akiinua kichwa. Akagonga ulimi. Kisha akachukua penseli na kuandika: halikurushwa.

Kituo kilirusha la fidia siku iliyofuata, kabla ya habari za jioni, na mama akala mkate na kuomba mwingine. Sekunde akaandika tena. Na tena. Mara tisa alimnyang'anya mtu ukweli wa nusu dakika, na mara tisa dada yake alirudi nyumbani bure, kwa gharama ya kituo ambacho hakikujua kinamsafirisha nani.

Halafu Miwani akabana matumizi. Jumatatu asubuhi tangazo lilikuja na mkato mpya: barabara, mtoto, bendera. Tk hadi tk, sekunde kumi na tano. Mafundi cherehani walikuwa wamekatwa wote. Hata neno "kesho" halikusemwa.

"Wamelinyoa," alisema Jirani. "Nusu bei. Ukiona mgombea anapunguza sekunde, ujue anapunguza na wapambe."

Sekunde aliomba ruhusa, akakimbilia nyumbani mchana, akiwa ametunga maneno ya kumwambia mama na kuyatungua tena njiani. Alipofungua mlango, tangazo lilikuwa linaanza. Alisimama palepale kizingitini akalitazama. Barabara, mtoto, bendera. Hakuna kingine.

Mama aligeuka, uso umechangamka kama wa msichana.

"Umemwona? Leo kageuka vizuri. Kakonda kidogo, lakini kageuka vizuri."

"Mama, wamelikata. Hayumo."

"Hayumo wapi?"

"Kwenye tangazo. Dada hayumo."

"Mwanangu, wewe umechoka. Katokea pale, baada ya yule bwana kusema kesho."

"Hakusema kesho, mama!"

"Usinipandishie sauti. Alisema."

Sekunde alikaa kwenye kiti cha cherehani. Alikuwa amezoea watu kuona zaidi ya kilichopo. Ndiyo biashara yenyewe ya matangazo. Mzee akimwona mwanawe pasipo na mtu, aachwe aone. Alijiambia hivyo njia nzima ya kurudi kazini, na angebaki na hilo, kama isingekuwa saa yake.

Tangazo fupi lilitoka saa tisa. Alibonyeza lilipoanza, akabonyeza lilipoisha. Barabara, mtoto, bendera. Akaitazama saa. Thelathini.

Alidhani amechelewa kubonyeza. La pili likaja: thelathini. Aliazima saa ya Jirani: thelathini. Jirani, kwenye karatasi yake, kwa tangazo lilelile, alikuwa ameandika kumi na tano.

"Jirani, nilipokuwa nahesabu, ulinitazama?"

"Nikutazame wewe kwani unalipiwa?"

"Nilikuwa nafanya nini?"

Jirani akafikiri. "Ulikuwa umetulia. Uliinua kichwa kidogo. Nilidhani unataka kusema kitu."

Kwa hiyo kulikuwa na sekunde kumi na tano ambazo zilimpitia bila yeye kuzijua. Alijaribu kuzivizia. Alijibana paja, alihesabu kwa sauti, aliweka kidole kwenye mshipa wa shingo. Alifika kumi na moja, kila mara, halafu bendera ilikuwa imeshafika na ulimi wake unagonga mara ya pili. Siku moja alitoka humo mashavu yamelowa. Siku nyingine kulikuwa na uzi wa bluu umejizungusha kwenye kidole chake cha shahada, na ofisi ile haikuwa na uzi. Aliandika kile saa ilichosema, maana alikuwa hajasahau kuwa mwaminifu. Thelathini, thelathini, thelathini.

Ndivyo alivyokamatwa. Kituo kilishangaa kuona karatasi inayowapa watu wa Miwani sekunde ambazo hawakuzinunua, kikachimba, kikakuta na yale tisa.

Bosi wao alikuwa mtu mpole aliyevaa ndara ofisini. Alimwita, akafunga mlango, akamwonyesha rekodi za matangazo tisa, moja baada ya jingine. Dada aliinua kichwa mara tisa.

"Yalirushwa yote," alisema bosi.

"Yalirushwa."

"Ulilipwa na nani?"

"Hakuna."

"Sekunde, usinifanye mtoto. Hili ni jambo la jela. Watu wa Miwani walikupa nini?"

"Huyo wa gauni la bluu ni dada yangu. Marehemu. Mama anamwangalia."

Bosi aliirudisha rekodi ya mwisho mpaka kwenye gauni la bluu. Alikuwa na mama, naye.

"Na hizi thelathini?" aliuliza mwisho. "Nazo ni za mama?"

"Hizo sikukosea, bosi. Pima."

Alitabasamu kwa huruma, kama mtu anayemkubalia mgonjwa. Akaichukua saa ya Sekunde, akaweka rekodi ya tangazo fupi, akabonyeza. Barabara, mtoto, bendera. Sekunde hakutazama kioo, alimtazama bosi. Alimwona akiinua kichwa taratibu, midomo ikifunguka kidogo, macho yakienda mlangoni kana kwamba kuna mtu amebisha. Akakaa hivyo. Akakaa. Kisha akabonyeza, akaangalia saa, na uso wake ukaisha rangi.

"Mbovu hii," alisema. Aliifungia kwenye droo, akaweka ufunguo mfukoni. Halafu, bila kumwangalia usoni, akamwambia kwamba kwa yale tisa lazima aondoke leo hii, kwamba yeye bosi ataifidia kituo hasara hiyo kutoka mfukoni mwake ili jambo lisiende mbali, na kwamba tafadhali aende akakae na mama yake.

Sheria ilitaka matangazo yote ya kampeni yakome saa kumi na mbili jioni, siku moja kabla ya kura. Sekunde alikuwa nyumbani. Tangazo la mwisho la Miwani lilitoka dakika tano kabla, na mama akaliaga kwa mkono. Baada ya hapo kioo kilionyesha ndege wa baharini na muziki wa filimbi.

"Kesho saa ngapi?" mama aliuliza.

"Kesho hakuna, mama. Hela zao zimeisha na siku zao zimeisha. Hatapita tena."

Mama aliitazama karatasi ya ukutani. Hakulia. Aliinuka, akazima televisheni, na mikono yake ikaanza kulitafuta shuka la cherehani. Sekunde alimwona analishika vilevile kama siku ile, na akajua kwamba likifunikwa sasa halitafunuliwa tena, na chakula kitarudi jikoni, na mama hataishi miezi mingi.

"Kaa kwanza, mama," alisema.

"Nikae nifanye nini?"

"Kaa tu. Tazama pale."

Mama akakaa mbele ya kioo cheusi. Sekunde akakaa nyuma yake, kwenye kiti cha dada, akavuta pumzi, akagonga ulimi. Tk. Hakuwa na saa, hakuihitaji tena. Alihesabu kimoyomoyo mpaka kumi na moja, na mara hii hakujibana, hakuvizia. Aliachia.

Tk.

Mama alikuwa anatabasamu gizani kwenye kioo. Gurudumu la cherehani lilikuwa linamalizia kuzunguka, na mguu wa Sekunde haukuwa kwenye pedali.

"Nilikwambia anasikika," mama alisema. "Hakuwa ananiambia mimi. Mimi alikuwa ananipita tu. Ni wewe aliyekuwa anakwambia usogee, umemkalia kiti."

Kisha akauliza kama kuna mkate.

Miwani alishindwa. Sekunde anaishi na mama yake katika nyumba ileile, anashona sare za shule kwa cherehani ile, ameketi kwenye kigoda alichokinunua, pembeni kidogo ya kiti.