Mji Uliokuwa Unapungukiwa na Watu

Harufu ya sombe, kisamvu chetu cha Kikongo, haikuwa na pa kutokea. Majira ya baridi ya mwaka 2016, madirisha yetu pale mtaa wa Observatory, kusini kabisa mwa Afrika tulikokimbilia, yalifungwa tangu asubuhi, na mlango Baba aliufunga kwa nje kila alipokwenda lindoni. Ilikuwa likizo ya shule, nami nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Hatukuruhusiwa kucheza uani wala kupiga soga na majirani, kwa maana tulikuwa tunangoja kupelekwa Amerika, na kwetu Wakongo safari haitangazwi. Kijicho kinaweza kuifunga njia hata kabla hujapanda ndege. Mama, mimi na wadogo zangu wawili tulizunguka chumba kile mpaka tukachokana. Nilifika mahali nikachukia hata kikohozi cha mdogo wangu.

Faraja yetu ilikuwa karatasi mbili alizochapisha Baba, habari za mji mdogo tulioambiwa huenda ungetupokea. Baba hakujua kusoma Kiingereza, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa macho yake, na kazi hiyo ilinitia kiburi kweli. Kila jioni nilimsomea jinsi mji ulivyoanza na kiwanda cha mbao kando ya mto, reli ikaja, watu wakamiminika, wakajenga makanisa na shule. Kisha kiwanda kikafungwa, vijana wakahama, na kila walipohesabiwa tena walikuwa wachache zaidi. Mimi niliona huzuni. Baba alisugua viganja.

"Batu banapunguka kule," alisema. "Batafurahi kutuona. Mgeni njoo, mwenyeji apone!"

Akatuhesabu kwa vidole: watano. Kimoyomoyo mimi nilihesabu sita, maana Mama alikuwa mjamzito. Tumbo lilifichwa chini ya vitenge viwili, na tulikatazwa kulitaja, kwa kuwa mtoto mpya huirudisha dosie, yaani faili letu la safari, mwanzo kabisa.

Siku ya mahojiano ya safari, afisa mmoja, mama mpole, aliniuliza najua nini kuhusu mji ule. Nikamwaga yote kwa Kiingereza changu cha shule: kiwanda, reli, vijana waliohama. Alicheka kwa furaha, nami nikataka acheke tena. Nikamwambia, "Tutawaongezea watu sita." Akaangalia karatasi yake iliyoandikwa watano, kisha akamtazama Mama. Baba hakufuata maneno yale ya haraka, alikuwa bado anatabasamu. Ulimi uliponza kichwa, na kichwa chenyewe hakikuwa changu peke yangu.

Dosie ilirudi mwanzo. Mtoto akazaliwa, tukaambiwa tungoje, na baadaye tukaambiwa Amerika haipokei watu tena.

Leo ninafanya kazi Marshalltown, katikati ya jiji lilelile, nawajazia wageni fomu za Kiingereza, na wateja hunisifu kwa umakini. Mji ule wa kiwanda cha mbao nimeutafuta kwenye simu, bado unapungua. Mdogo wetu wa mwisho anacheza barabarani na kutukana kwa Kizulu, na sijutii kuzaliwa kwake hata kidogo. Baba hakunigombeza, hata siku moja. Ila barua ya Kiingereza ikija, yeye hupita nayo mbele yangu nimekaa pale sebuleni, akapanda ghorofa ya juu kumwomba mpangaji asiyetujua vizuri amsomee.