Watoto Waliofichwa Shambani

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule ya msingi huko Vingunguti, Mwalimu Mkuu alinipa boksi la chaki na onyo: "Wageni wakija, darasa ling'are." Zilikuwa zama za Elimu ya Kujitegemea, kila shule ina shamba lake. Kung'ara maana yake wanafunzi wazito wa kuelewa wabebe majembe wakalime, wajuzi wabaki kujibu maswali. Wakaguzi, wale maofisa waliopima ufundishaji, waliondoka wameridhika.

Nilipohamishiwa Temeke nilikuta Mwalimu Mkuu mwingine, mtindo ule ule.

Huko ndiko alikokuja mtafiti, kijana wa chuo. Eti anataka kuona watoto wanavyojifunza hesabu. Nani amwamini? Mkaguzi tulimzoea, huja na gari na hasira zake. Huyu alikuja kwa miguu, anacheka na kila mtu, hakosoi kitu. Mie mtu asiyekosoa kitu simwamini hata leo.

"Katumwa huyo," Mwalimu Mkuu alituambia ofisini. "Atakayetuaibisha, namwandikia uhamisho."

Nilikuwa na Zuhura, darasa la nne. Mtihani wa mwaka ule ndio uliochuja wa kuendelea la tano, na baba yake alishasema akifeli anamwoza. Kugawanya kulimshinda kabisa. Nikampeleka shambani na wenzake, kama tulivyoagizwa.

Mtafiti alikaa nyuma darasani kipindi kizima. Mapumziko yalipofika nikamwona kupitia dirishani, yuko katikati ya matuta na watoto wangu. Nikamfuata mbio.

Zuhura alikuwa anawagawia wenzake mbegu za mahindi kutoka kwenye kopo. Kila mmoja alipata sawa, mbili zikasalia.

"Hizo mbili je?" mtafiti akauliza.

"Zimebaki. Hazitoshi kumzungukia kila mtu."

Jibu hilo nililitafuta kwake muhula mzima.

"Wewe umetumwa na nani?" nikamkabili mtafiti.

"Sijatumwa, dada. Huyu kugawanya anajua. Anachokwama ni alama za ubaoni."

"Utakwenda kuyaandika hayo chuoni kwenu?"

"Ndiyo."

"Na sie tutayasoma lini?"

Nikamwambia haondoki mpaka tufundishe wote wawili somo moja, kwa mbegu kwanza, chaki baadaye. Mwalimu Mkuu alinuna, lakini tulifundisha, na niliendelea hivyo hadi mtihani. Zuhura aliingia la tano. Nililia kwa furaha, sioni aibu kusema.

Mtafiti hakurudi, wala ripoti yake sikuiona. Barua ya uhamisho niliiona. Nikaenda kufundisha Chanika, nikaendelea na mbegu zangu.

Sasa nimestaafu, nakaa Tabata. Nyie walimu vijana, utafiti msiukimbie, ila msikubali uwapite mlangoni. Juzi alikuja binti na dodoso, karatasi ya maswali ya utafiti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Majibu yetu mkishayapata, mtayarudisha kwa walimu gani?"

"Mh, hilo hatukupangiwa, bibi."

Nikamrudishia karatasi yake nyeupe vilevile. "Nenda kapangiwe. Mie nipo."

Bado namsubiri.