Nilipolifumua Sweta la Mama Mkwe

Kuna aibu ambazo mtu anaweza kusema alionewa, au shetani alimpitia, lakini hii yangu niliifuma mwenyewe kitanzi kwa kitanzi, kwa mikono hii hii mnayoiona imeshika kikombe, kwa hiyo nawasimulia bila kujitetea. Mnaruhusiwa kucheka. Ila ngojeni nimalize, maana mkianza nami nitacheka, na hatutafika.

Ilikuwa Kibaha, pale Misugusugu, miaka ile ya foleni, ukisikia tu duka la ushirika limeletewa sabuni unaacha ugali motoni unakimbia. Mimi na mume wangu Asajile tulikuwa wageni, hata miaka miwili hatujatimiza, yeye kahamishiwa huko kuwa bwana shamba, wote wawili watu wa Tukuyu, kwenye baridi na mvua, na mimi ujuzi pekee niliotoka nao kwetu ambao wenyeji hawakuwa nao ni kufuma masweta. (Hebu fikirieni akili hiyo: mtu anahamia mahali ambapo jasho linamtoka akiwa amekaa kivulini, halafu fundi wa sweta!) Lakini nyie mnawajua wanawake, kitu cha mikono hakiwapiti, na haukupita mwezi nikawa nafundisha. Kila Alhamisi mchana tukishaosha vyombo tulikusanyika barazani kwa Bi Hadija, mama mtu mzima aliyezaliwa hapo hapo, tukakaa mkekani na sindano ambazo fundi baiskeli alituchongea kwa spoku. Uzi ndio haukuwepo. Tulikuwa na donge moja tu la manjano, wiki hii analifuma huyu, wiki ijayo tunalifumua anafuma mwingine, mpaka likaota manyoya. Hatukulalamika, tulikuwa na raha zetu, na umbea wa Alhamisi ulitutosha wiki nzima.

Mdogo wetu kuliko wote alikuwa Mwanaidi. Kwao ni Mzenga, huko Kisarawe ndani, akaolewa hapo Misugusugu na Salumu, mtu mpole mwenye mikorosho yake, na alikaa miaka sita bila mtoto. Sasa Salumu mwenyewe hakuwa na neno, mwenye maneno alikuwa dada yake, Zuhura, ambaye hakumpenda wifi yake tangu siku ya posa na kila akija alikuwa anamwuliza kaka yake mbele za watu anangoja nini kumrudisha huyu kwao. Basi Mungu si Athumani, Mwanaidi akapata mimba, akajifungua salama mtoto wa kike, na barazani tulilia kama tumezaa sisi.

Bi Hadija akasema, "Wanangu, mtoto huyu tumfumie blanketi. Kila mtu kipande chake, tuviunganishe, siku ya arobaini akitolewa nje afunikwe na mikono yetu sisi."

"Uzi je?" mmoja akauliza.

Hapo ndipo mdomo wangu ulipoanza kazi. "Uzi niachieni mimi," nikasema, tena kwa kuegemea ukuta. "Nina kaka yangu Dar, ana watu wake bandarini."

Kaka kweli ninaye. Nikamwandikia, na jibu lake likaja baada ya wiki mbili: yeye mwenyewe kaka yangu anatafuta kipande cha sabuni, kama huko Kibaha ipo nimtumie. Nilikaa na ile barua jikoni nikaona siku zinakwenda na Alhamisi inakuja, na mimi ndiye mwalimu, na kusema "nimekosa" kulinishinda kabisa.

Nikafungua sanduku. Chini kabisa, ndani ya majani ya mwarobaini, lilikuwepo sweta la Asajile. Mama mkwe wangu ndiye aliyelifuma, mama mwenye mikono ambayo hata mimi siifikii, uzi wa sufu wa rangi ya damu ya mzee aliokuwa akiununua kidogo kidogo kwa masista wa misheni, na kifuani mstari mmoja wa kijani. Akampa mwanawe siku tunaondoka, akasema, "Ukiwa mbali, hili ni mimi." Na mwanawe akalivaa mpaka Mbeya, akalivua, hajaligusa tena. Nikajiambia, Tumpe, sweta gani huku? Linaliwa na wadudu bure. Nikatafuta ncha ya uzi, nikavuta. Sweta lililofumwa miezi mitatu lilikwisha kabla maharage hayajaiva.

Alhamisi nikafika na madonge sita barazani, nikayamwaga mkekani, wenzangu wakapiga vigelegele, wakamwombea kaka yangu dua. Nami nikaitikia "Amina" kama mtu mwenye haki yake.

Tulifuma karibu wiki tatu. Kipande cha Bi Hadija kilikuwa kimelala sawasawa utadhani kimepigwa pasi, na ule uzi wa kijani nikautia kwenye kipande changu cha pembeni, maana ulikuwa mzuri na roho iliniuma kuutupa. Blanketi likatoka blanketi kweli. Kama mngeliona mngenisamehe hata nyie.

Sasa sikilizeni. Zimebaki siku mbili arobaini ifike, nimeinama nafagia uwanja, nasikia sauti nyuma yangu inasema, "Mkwe, hapa hapana maji ya kunywa?" Nageuka, mama mkwe! Na kikapu chake cha viazi na mkungu wa ndizi, katoka Tukuyu kwa basi bila barua wala salamu. Nikapiga goti nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitika "Marahaba," na hata hajakaa akauliza, "Sweta langu analivaa?"

"Analivaa mama," nikasema. "Asubuhi asubuhi."

(Asubuhi asubuhi! Kibaha! Mpaka leo sijui niliwaza nini.)

Siku ya arobaini yenyewe Asajile akaamka na malaria. Homa ya kutetemeka, meno yanagongana, shuka mbili na kanga zangu zote juu yake na bado analia baridi. Akanywa vidonge vyake, mama yake akakaa kitandani, akasema, "Tumpe, lete lile sweta."

Mwaka na zaidi hakuna aliyelihitaji sweta katika mkoa ule, leo ndiyo linahitajika! Nikajifanya natafuta. Mama akaja akasimama nyuma yangu, sanduku liko wazi, majani ya mwarobaini yale yamekauka, sweta hamna. Na mimi natakiwa kwa Mwanaidi, sufuria za pilau zinanisubiri, kichwa kimejaa Mwanaidi, Mwanaidi, basi jina lililokuwa mdomoni ndilo lililotoka.

"Lipo kwa Mwanaidi, mama."

"Mwanaidi ndiye nani?"

"Jirani wa kule chini. Leo ana shughuli, nitalichukua jioni."

Mama akalifunga sanduku mwenyewe. Asajile kwa sauti ya kitandani akasema niende tu, mama yupo, nami nikafunga mtandio nikaondoka mbio, nikijiambia mpaka jioni Mungu atakuwa amenipa neno jingine la kusema.

Kwa Mwanaidi kulipendeza siku ile. Wanaume wamekaa kwenye majamvi wamemaliza dua, sisi wanawake tuko upande wa sufuria, na Mwanaidi mwenyewe amekaa kwenye kiti mlangoni, amepakwa hina, mtoto mapajani amefunikwa blanketi letu, kila anayepita analishika pembe na kusifu. Hata Zuhura alilisifu. Bi Hadija alinikonyeza. Nilikuwa na furaha, sitawaficha, nilikuwa nakoroga pilau na kuimba.

Mara uwanja ukanyamaza upande mmoja, nikainua macho. Mama mkwe kasimama katikati ya watu, kanga kaifunga kiunoni kama anakwenda kulima, anapumua kwa mwendo. Nyumba yenye moshi wa pilau na watu hamsini haihitaji kuelekezwa, na mtoto wa mwenzio akilia baridi unaweza kungoja jioni, lakini wa kwako huwezi.

"Samahanini ndugu zangu," akasema, na sauti ya mama yule ilizoea kuitana mlima kwa mlima. "Mimi ni mama yake Asajile, bwana shamba. Mwanangu anaumwa. Nimefuata sweta lake. Nimeambiwa lipo kwa Mwanaidi."

Mwiko ukaniganda mkononi.

Zuhura ndiye aliyekuwa wa kwanza. Akainuka taratibu, akaweka sahani chini. "Sweta la bwana shamba?" akasema. "Lipo ndani kwa mke wa kaka yangu? Limefikaje?"

Akawageukia wanaume, akaendelea, "Miaka sita hana kitu, halafu bwana shamba anahamia hapa, na huu ndio mwaka wa mtoto. Mimi simo, nauliza tu."

Jamani. Nilimwona Salumu anasimama kwenye jamvi. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, alikuwa anamtazama mkewe kama mtu anayeomba aambiwe kitu. Na Mwanaidi anatazama huku na huku, "Sweta gani? Mimi? Sweta gani jamani?" mkono umeubana mgongo wa mtoto. Nawaambia ukweli, kwa muda wa pumzi moja niliwaza kunyamaza. Niliwaza kutoka kwa nyuma, nipitie shamba la mihogo, nirudi Tukuyu kwa miguu.

"Nimelifumua!" nikapiga kelele.

Uwanja mzima ukanigeukia, nami nimesimama na mwiko juu, mchele unadondoka kichwani kwangu.

"Sweta la mume wangu nimelifumua mimi," nikasema. "Mwanaidi hajui kitu. Halijawahi kuingia chumbani kwake. Lilikuwa sandukuni kwangu, nikakosa uzi, nikaona haya kusema, nikalifumua, na lenyewe ndilo hilo mtoto kajifunika. Na mama nimemdanganya, na nyie wote nimewadanganya."

Mama mkwe akamsogelea Mwanaidi, akainama, akalishika blanketi, akalipitisha vidoleni kipande kimoja kimoja mpaka akafika pembeni kwenye ule mstari wa kijani. Akausugua kwa kidole gumba. Nikasikia machozi yananijia, maana nilijua anakumbuka jioni ngapi.

Bi Hadija akakohoa. "Kumbe," akasema polepole, "huyu ndiye kaka yako wa Dar."

Yaani hapo! Aliyeanza kucheka sijui ni nani, ila wanaume walicheka mpaka mmoja akaangusha kofia, wanawake wakashikana mabega, na Salumu akakaa chini kama mtu aliyetuliwa gunia, anacheka huku anajifuta macho kwa kanzu. Zuhura naye akaokota sahani yake akaitazama sana. Nilitamani ardhi ipasuke, na papo hapo sijawahi kufurahi kuchekwa kama siku ile.

Mwanaidi akaanza kumfunua mtoto. "Mama," akamwambia mama mkwe, "chukua umpelekee mgonjwa, ni lake."

"Rudisha," mama akasema. "Mtoto havuliwi nguo yake." Akamfunika mwenyewe, akalikunja pembeni vizuri, halafu ndipo akanitazama mimi. "Huu mstari wa kijani umeufuma wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Umeukaza mno. Nitakuonyesha."

Basi, hilo ndilo karipio nililopata. Salumu akaingia ndani akatoka na koti lake zito la mvua, akatukabidhi yeye mwenyewe kwa mikono miwili, na Asajile akalala na koti la Salumu siku tatu mpaka homa ikaisha. Alipopona nikamsimulia, akacheka, akasema lile sweta lilikuwa linamwasha shingoni. Siku ile ya shughuli, njiani kurudi, tulipokaribia nyumbani mama alisema, "Ungeniandikia. Nina madonge manne ya uzi ndani, yamekosa mtu wa kumfumia." Nilikuwa nimemwogopa mtu aliyekuwa anangoja kuombwa.

Alhamisi iliyofuata mama naye alikuja barazani, akapewa sehemu nzuri ya mkeka, na kufika saa kumi alikuwa ameshatukosoa wote. Mwanaidi alikuja na mtoto, akakaa ubavuni kwangu, akachukua sindano, tukacheka tena yale ya mwiko na mchele, kila mtu na namna yake ya kusimulia. Wengine walipokuwa wanaigizana, akaniinamia.

"Shoga," akasema, "ungechelewa kidogo tu, mimi leo ningekuwa Mzenga kwa mama yangu, na huyu mgongoni."

Alisema huku anacheka. Lakini sindano zilikuwa zinagongana mikononi mwake, nikamshika mkono mpaka zikatulia.

Nimesema uongo mwingine baada ya hapo, siwezi kuwadanganya tena kuhusu kudanganya, nani hasemi? Ila tangu siku ile sijapata kulitia jina la mtu mwingine ndani ya uongo wangu. Kikipotea kitu kwangu, nimekipoteza mimi.